Vibanda vya Leseni Kubwa

Msomaji mpenzi, kuna vyakula ambavyo ukipewa viungo na maelezo yaliyoandikwa vizuri, utavipika popote ulipo na havitakuaibisha mbele ya wageni. Na kuna vyakula vya namna nyingine. Utapewa nyama ile ile, mafuta yale yale na chumvi ile ile, utafuata maelezo neno kwa neno, kisha utaonja na kubaki ukijiuliza ni kitu gani kilichopungua. Jumapili ya leo tuzungumze juu ya vyakula vya namna hii ya pili. Itatubidi tusafiri mbali kidogo, hadi Hong Kong, kusini mwa China, ambako Wakantoni wamekuwa wakipika na kula kandokando ya barabara kwa miaka mingi, na ambako vibanda vyao mashuhuri sasa vimebaki vya kuhesabika.

Wakantoni, kama hukujua, ni wenyeji wa mkoa wa Guangdong na sehemu zinazopakana nao. Mji mkuu wa mkoa huo ni Guangzhou, ambao Wazungu waliuita Canton, na ndiko lilikotoka jina la watu hao. Lugha yao ni Kikantoni, na ndiyo inayozungumzwa na wakazi wengi wa Hong Kong hadi leo.

Kwa Kikantoni vibanda ninavyovizungumzia huitwa dai pai dong. Tulivunje jina hilo vipande vitatu. Dai ni kubwa, pai ni leseni au kibao, na dong ni kibanda. Yaani "kibanda cha leseni kubwa". Wako wanaoandika neno la katikati kwa herufi nyingine ya Kichina inayotamkwa vivyo hivyo lakini yenye maana ya safu, kwa sababu vibanda hivyo vilizoea kusimama kwa safu. Lakini ni hiyo leseni ndiyo yenye kisa. Leseni ndiyo iliyovizaa vibanda hivi, na leseni hiyo hiyo ndiyo inayovizika.

KARATASI ILIYOLISHA FAMILIA

Hong Kong ilikuwa koloni ya Uingereza hadi mwaka 1997 iliporudishwa kwa China. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mnamo Desemba 1941, majeshi ya Japani yaliiteka na kuikalia hadi mwaka 1945. Vita vilipokwisha, mji ulikuwa na njaa, na watu wengi walikuwa wamekufa au kulemaa. Miongoni mwao walikuwamo watumishi wa serikali, ambao jamaa zao walibaki bila mtu wa kuwalisha.

Serikali ya kikoloni ilitafuta njia ya kuwasaidia watu hao bila kutoa fedha nyingi. Njia yenyewe ilikuwa kuwapa leseni za kuuza chakula barabarani, kila mmoja mahali pake maalumu. Leseni hizo zilikuwa karatasi kubwa kuliko zile za wachuuzi wengine, na sharti zitundikwe mahali pa kuonekana na kila mtu. Wananchi wakaviita vibanda hivyo kwa kile walichokiona kikining'inia: leseni kubwa.

Naam, msomaji, hebu tafakari jambo hilo kidogo. Mke aliyefiwa na mumewe, au mtumishi aliyepoteza mguu vitani, alipewa karatasi na kuambiwa, haya, nenda ukapike. Na wakapika kweli kweli.

Wateja nao hawakukosekana. Mnamo mwaka 1945 Hong Kong ilikuwa na watu wapatao 600,000. Kufikia mapema katika miaka ya 1950 idadi hiyo ilikuwa imepita milioni mbili, kwa kuwa wakimbizi walimiminika kutoka China bara. Wengi wao walijenga vibanda vya mbao milimani. Usiku wa Krismasi mwaka 1953, moto ulizuka katika mtaa mmoja wa mabanda uitwao Shek Kip Mei na kuwaacha watu zaidi ya 50,000 bila makao.

Baada ya mkasa huo serikali ilianza kujenga majumba ya ghorofa ya kuwahamishia maskini. Lakini nyumba zilikuwa ndogo ajabu. Mtu mzima alihesabiwa futi 24 za mraba, hivyo watu wazima watano walibanana katika chumba cha futi 120. Jiko halikuwamo, watu walipika nje ya mlango, kwenye baraza ndefu ya kupitia. Je, mtu aliyetoka bandarini au kiwandani akiwa hoi, mwenye makao ya namna hiyo, angekula wapi? Alikula barabarani, kwenye kibanda chenye leseni kubwa, kwa bei aliyoimudu. Kibanda kikawa jiko lake, meza yake na baraza yake ya kuzungumzia na marafiki.

KIBANDA CHENYEWE

Usifikirie hoteli. Dai pai dong ni sanduku la mabati na chuma, aghalabu lililopakwa rangi ya kijani, linalofunguliwa jioni na kufungwa usiku wa manane. Juu yake hutandazwa turubai la kukinga mvua na jua. Mbele yake hupangwa meza za kukunja na stuli fupi zisizo na mgongo, na wateja wasiojuana huketi meza moja wakigusana viwiko. Jiko liko wazi kabisa. Mpishi hana pa kujificha. Kila anachokitia kwenye karai mteja anakiona.

Si vyote vinavyokaanga. Vingine ni vya asubuhi, huuza uji wa mchele, tambi za mchuzi, mikate na chai. Chai yenyewe ina kisa chake. Majani makali hupikwa na kuchujwa tena na tena kwa mfuko mrefu wa kitambaa, kisha hutiwa maziwa mazito ya mkebe. Mfuko ule ukishatumika sana hugeuka rangi ya kahawia na kufanana na soksi ndefu za kina mama, na ndiyo maana watu huiita chai ya soksi. Kibanda kimoja mashuhuri kwa chai hiyo ni Lan Fong Yuen cha barabara ya Gage Street, mtaani Central, kilichoanza mwaka 1952.

Lakini roho ya dai pai dong ni vile vya jioni, vya kukaanga. Hapo ndipo utakaposikia mlio wa upawa ukigonga chuma, utakapoona ndimi za moto zikiruka juu kuliko kichwa cha mpishi, na utakapopata harufu ambayo Wakantoni wameipa jina lake maalumu.

PUMZI YA KARAI

Chombo cha kukaangia ni karai. Sisi tunalijua karai vizuri, kwani ndilo tunalopikia mandazi na bajia, na jina lake lilitufikia kutoka Bara Hindi. Karai la Kikantoni linafanana nalo kwa umbo: lina tako la mviringo na kuta zinazopanda polepole. Tofauti ni kwamba hutengenezwa kwa chuma chembamba cha pua ili lishike joto upesi, na hutumiwa kwa mafuta machache badala ya mafuta ya kuelea.

Wakantoni husema chakula kizuri cha kukaangwa sharti kiwe na wok hei. Wok ni karai, na hei ni pumzi, hewa au nguvu ya uhai. Ni pumzi ya karai. Ni ile ladha ya moshi mwepesi, ukali na utamu kwa pamoja, inayokugonga puani kabla hujatia chakula kinywani. Ukikiacha chakula kipoe, pumzi hiyo huondoka. Ndiyo maana mteja wa dai pai dong hakai kupiga soga sahani ikifika. Huchukua vijiti vyake na kuanza mara moja.

Je, hii pumzi hutoka wapi? Kuna mambo matatu.

Kwanza, joto. Moto wa vibanda hivi una nguvu mara nyingi kuliko wa jiko la nyumbani. Vibanda vya zamani vilitumia mafuta ya taa yaliyosukumwa kwa hewa hadi moto ukanguruma kama mashine. Kibanda cha Oi Man Sang huko Sham Shui Po kimejijengea jina kwa majiko ya namna hiyo. Nyama ikigusa chuma chenye joto kali, sukari na protini zilizomo hubadilika na kutoa rangi ya kahawia na harufu tamu. Karai likiwa vuguvugu, nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

Pili, kurusha. Mpishi hutupa chakula hewani na kukidaka, tena na tena. Kikiwa hewani hupita katika mvuke na hewa ya moto iliyo juu ya karai, kisha hurudi kwenye chuma kabla hakijapoa, wala hakikai chini muda wa kutosha kuungua. Mnamo mwaka 2020 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Georgia Tech nchini Marekani, Hungtang Ko na David Hu, walichapisha uchunguzi wao kuhusu wapishi wa wali wa kukaangwa. Waliwapiga picha za video na kuhesabu mwendo wa mikono yao. Mpishi hurusha karai karibu mara 2.7 kila sekunde, akilisukuma na kulivuta huku akilibembeza juu ya ukingo wa jiko. Kwa njia hiyo, walieleza, chakula huweza kukabili joto la hadi nyuzi 1,200 za Selsiasi bila kuungua. Walikumbusha pia kwamba wapishi wengi wa kazi hii huumwa na mabega. Si ajabu! Jaribu kuinua karai la chuma lenye chakula mara mia mbili kwa jioni moja, kisha urudie kesho yake, na mwaka ujao, kwa miaka 30.

Tatu, moto wenyewe kuingia ndani ya karai. Mpishi akirusha, matone madogo ya mafuta huruka na kushika moto, na chembe za moshi wake hurudi kwenye chakula. Ni ladha ya nukta moja tu. Ikizidi, chakula huwa kichungu kama masizi, na ikikosekana, chakula huwa kama kila chakula kingine.

Haya hayafundishwi kwa kitabu. Kijana huanza kwa kuosha vyombo, akapandishwa cheo cha kukatakata mboga, akakaa miaka akimtazama mkubwa wake, na ndipo siku moja akakabidhiwa upawa. Samaki mkunje angali mbichi.

SAHANI MEZANI

Sasa tuketi tuagize. Chakula cha kwanza ni kile ambacho wengi hukitumia kumpima mpishi: gon chaau ngau ho. Gon ni kavu, chaau ni kukaanga, na ngau, msomaji, ni ng'ombe. Sauti ya mwanzo ya neno hilo ni ile ile ya ng'ombe wetu, ingawa ni sadfa tu, lugha hizi mbili hazina undugu. Ho ni kifupi cha ho fun, tambi pana na nyororo za mchele zinazohusishwa na mahali paitwapo Shahe huko Guangzhou.

Nyama hukatwa vipande vyembamba kwa kukatiza nyuzi zake, ikalowekwa kwa mchuzi wa soya na wanga kidogo ili iwe laini. Hukaangwa upesi na kuondolewa. Kisha tambi huingia karaini pamoja na machipukizi ya ndengu, vitunguu na majani ya vitunguu, nyama ikarudishwa, na mchuzi wa soya ukamiminwa kandokando ya karai ili uungue kidogo kabla ya kushuka. Ugumu uko wapi? Tambi hizo hukatika kwa urahisi na hupenda kugandana. Mpishi akitia mafuta mengi ili zisigande, sahani itabaki na dimbwi la mafuta chini. Akitia machache, zitashika chuma. Mteja mjuzi hula hadi mwisho, kisha hutazama sahani. Ikiwa haina dimbwi la mafuta na tambi hazikukatikakatika, mpishi amefaulu.

Chakula cha pili ni kome waliokaangwa kwa pilipili na maharagwe meusi ya soya yaliyochachishwa kwa chumvi. Kome hutupwa karaini wakiwa wamefunga midomo, na joto huwalazimisha kuifungua na kutoa maji yao ya bahari, ambayo huwa ndiyo mchuzi. Kuna pia ngisi wa chumvi na pilipili, aliyechovywa unga na kukaangwa hadi akakauka nje, kisha akarushwa na kitunguu saumu na pilipili kali.

Kingine huitwa siu chaau wong, yaani "mfalme wa vikaango". Ni mchanganyiko wa vitu vikavu vya baharini kama uduvi na ngisi, pamoja na mboga zinazotafunika kwa mlio. Viungo havifanani kutoka kibanda kimoja hadi kingine. Kila mpishi ana mfalme wake.

Na kuna kaa wa "makimbilio ya tufani". Pwani ya Hong Kong hupigwa na tufani kali, na mashua zilijengewa mahali pa kujificha. Familia za wavuvi ziliishi humo ndani ya mashua, hasa katika ghuba ya Causeway Bay, na upishi wao wa kaa aliyefunikwa kwa kitunguu saumu kingi kilichokaangwa hadi kikakauka, pamoja na pilipili, ulipanda nchi kavu na kuenea mji mzima.

Tazama vyakula hivyo vyote. Kome, ngisi, tambi za mchele, vipande vichache vya nyama. Hivi vilikuwa vyakula vya watu wa kipato cha chini, na ufundi na moto ndivyo vilivyovipa hadhi.

LESENI ISIYORITHIWA

Tumefika sasa kwenye uchungu wa kisa. Mnamo mwaka 1956 serikali ya Hong Kong iliacha kutoa leseni mpya za dai pai dong. Waliokuwa nazo waliruhusiwa kuendelea, lakini kwa sharti zito: leseni haikurithishwa kwa watoto. Mwenye leseni akifa, mjane wake angeweza kuichukua, au mume akiwa ndiye aliyebaki. Mwenzi asipokuwapo, leseni ilikufa pamoja na mwenyewe.

Kuanzia mwaka 1983 serikali ilikwenda hatua nyingine, ikaanza kuwalipa fidia waliokubali kuzirudisha leseni zao. Wengi walikuwa wazee. Walijua watoto wao hawatazipata, na mabega yao yalikuwa yamechoka. Walichukua fidia wakaenda kupumzika. Wengine walihamia kwenye majumba ya vyakula yanayosimamiwa na serikali, mara nyingi ghorofani juu ya masoko. Leo vibanda vya barabarani vilivyobaki havifiki 30, vingi vikiwa Sham Shui Po na Central.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Serikali ilikuwa na hoja. Maji machafu yalimwagwa barabarani, mafuta yaliziba mitaro, panya walistawi, na meza zilizagaa hadi magari yakashindwa kupita. Majirani waliokaa ghorofani juu ya majiko walilala na moshi na makelele. Mafuta ya taa na moto mkubwa kando ya nyumba za watu si mchezo. Mzazi yeyote anayejali afya ya watoto wake hawezi kusema kwamba usafi ni jambo la kupuuzwa.

Lakini kusafisha ni kitu kimoja na kuzima ni kitu kingine. Angalieni Singapore, ambako pia wako Wakantoni wengi. Huko serikali iliwaondoa wachuuzi barabarani katika miaka ya 1970 na 1980, ikawajengea vituo vya vyakula vyenye maji, mitaro na paa, na kuwapa humo nafasi za kuuzia. Mnamo mwaka 2020 utamaduni huo wa wachuuzi wa Singapore uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Hao nao wana shida zao, kwani vijana wengi hawapendi kazi ya kusimama jikoni kutwa. Hata hivyo, mlango haukufungwa kwa sheria.

Huko Hong Kong watu walizinduka walipoguswa. Mnamo mwaka 2005 kibanda cha tambi kiitwacho Man Yuen, katika barabara ya Elgin Street mtaani Central, kilifungwa baada ya mwenye leseni kufariki. Wateja walipanga foleni kula kwa mara ya mwisho, na mjadala ukawaka mjini. Wengi waliuliza: ikiwa wapishi wapo, wateja wapo na chakula ni kile kile, ni nini hasa kilichokufa? Jibu lilikuwa karatasi. Katika miaka iliyofuata vibanda vilivyobaki Central vilitengenezewa mitaro, umeme na gesi, na masharti ya kurithisha yakalegezwa kidogo kwa vibanda vya mtaa huo. Ilikuwa hatua njema, lakini vingi vilikuwa vimekwisha kuondoka.

Kuna wanaosema kwamba hakuna kilichopotea, kwa kuwa vyakula vile vile bado vinauzwa mahotelini na kwenye yale majumba ya vyakula. Ni kweli kwamba baadhi ya wapishi bora walihama na karai zao. Lakini mara nyingine chakula hubadilika kinapohamishwa. Bei hupanda kwa sababu ya kodi ya nyumba, na yule mpakuzi wa mizigo aliyekuwa mteja wa kwanza hubaki nje. Mpishi hufichwa nyuma ya ukuta. Sahani husafiri mbali kutoka jikoni hadi mezani, na pumzi ya karai, kama tulivyoona, haingoji mtu.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili. Leseni zile zilitolewa ili kuzisaidia familia zilizopatwa na msiba. Lakini hazikuruhusiwa kuwa mali ya familia. Mtoto aliyelelewa chini ya turubai, aliyeosha vyombo baada ya shule na kujifunza kurusha karai kabla hajaota ndevu, aliweza kurithi karai, upawa na hata mkono wa babake. Mahali pa kusimama hakuweza kuparithi. Wazee wetu walisema moto huzaa majivu. Wao walikuwa na maana yao, lakini huku ndivyo ilivyokuwa hasa: moto mkubwa wa baba ukamwachia mwana majivu, na kosa halikuwa la mwana.

JARIBU NYUMBANI

Najua wapo kina mama, kina baba na wanafunzi wa vyuo ambao tayari wanauliza, "Sisi tutaonjaje?" Jiko lako la gesi halitatoa moto wa Sham Shui Po, lakini ukifuata kanuni za wapishi wale utakaribia.

Chukua robo kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta. Ikate vipande vyembamba kwa kukatiza nyuzi. Changanya na vijiko viwili vidogo vya mchuzi wa soya, kijiko kidogo cha wanga wa mahindi na kijiko kidogo cha mafuta, uiache nusu saa. Kata kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili hoho. Osha mboga mapema na uzikaushe vizuri, kwa maana maji ni adui wa karai. Weka kila kitu karibu nawe kabla ya kuwasha moto. Ukishaanza, hutakuwa na nafasi ya kutafuta chumvi.

Liache karai tupu lipate moto hadi litoe moshi mwembamba, ndipo utie mafuta. Kaanga nyama nusu ya kwanza, uitoe, halafu nusu ya pili. Usirundike yote kwa pamoja, la sivyo itatoa maji. Kisha kaanga vitunguu, tangawizi na hoho kwa dakika moja au mbili, rudisha nyama, mimina mchuzi wa soya kidogo kandokando ya karai, geuzageuza upesi na upakue. Ukikosa tambi pana za mchele, tumia wali kiporo uliowekwa vizuri kwenye jokofu. Kiporo kimekauka, hakigandani, na hukaangika vizuri kuliko wali wa moto.

Ila nawasihi: msijaribu kuwasha moto ndani ya karai kama wanavyofanya wale wapishi. Wao wamezoea na wako mahali pa wazi. Watoto wakae mbali na jiko, na mafuta yakishika moto funika karai kwa kifuniko na uzime jiko. Usimwage maji kamwe.

Halafu waite watu wa nyumbani mezani kabla hujapakua. Huo ndio ustaarabu wa dai pai dong: chakula hakimngoji mlaji, mlaji ndiye hukingoja chakula. Wakati wanakula, wasimulieni watoto juu ya wajane na walemavu wa vita waliopewa karatasi kubwa wakaitumia kuulisha mji mzima. Na ikiwa katika nyumba yenu kuna bibi au shangazi ambaye mkono wake una ladha isiyoandikika, mwambieni kijana mmoja asimame kando yake jikoni wiki hii, atazame na kushika mwiko. Ruhusa ya jambo hilo haihitaji leseni.

Tukutane Jumapili ijayo, tukijaliwa.